Magari ya Kale Yasiuzwe kwa Kilo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaujua mlango. Inatamka kwamba mlango wa mbao, au fremu yake, uliochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu cha kulindwa, na wala hauwezi kutolewa nchini hivi hivi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini sheria hiyo hiyo, inapozungumzia vitu vingine vilivyofanywa kwa mikono ya binadamu, huweka mpaka wake mwaka 1863. Sasa, gari la petroli la Karl Benz lilipewa hataza huko Ujerumani tarehe 29 Januari 1886. Kwa hesabu hiyo hapana gari lolote duniani, hata liwe na sifa kiasi gani, linaloweza kuhesabiwa kuwa la kale mbele ya sheria yetu kwa umri wake peke yake.

Jambo hili lingeweza kuchukuliwa kuwa mzaha wa wanasheria lau kama matokeo yake yasingeonekana kwa macho. Yanaonekana Kimara.

Kimara, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijafanywa wilaya inayojitegemea, iko umbali wa kilometa zipatazo 15 kutoka katikati ya jiji, juu ya Barabara ya Morogoro. Msomaji akishuka Kimara Mwisho, ambapo mwaka 1 wa mabasi yaendayo haraka, yaani 2016, ndipo palipokuwa mwisho wa safari zake, kisha akaiacha lami na kushika njia ya vumbi inayoteremka bondeni, hatakwenda mbali kabla hajaliona gari lisilo na magurudumu limekalishwa juu ya matofali. Huenda likawa Land Rover ya bati la alumini, ambayo haishiki kutu lakini imekwisha nyang'anywa injini. Huenda likawa Volkswagen. Na pengine likawa Peugeot 404, lenye mapezi madogo nyuma na giya yake kwenye usukani, milango imeliwa na kutu kwa chini, kuku ametaga kiti cha nyuma. Wenyeji hulipita kama wapitavyo kisiki.

Ni gari gani hasa hilo linalopitwa? Peugeot 404 ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, nyumba ile ile iliyokuwa ikiwachorea Ferrari. Injini yake ya sentimeta za ujazo 1,618 ililazwa kwa pembe ya digrii 45 ili boneti iwe chini. Difu lake halikuwa la meno ya kawaida, bali la skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na fundi asiyelijua alikuwa akilifungua mara moja tu maishani mwake. Wafaransa walilitengeneza kwa ajili ya mwalimu na mganga wa mikoani kwao. Afrika Mashariki ililifanya kuwa gari la mashindano.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia ambazo wakati wa masika hata ng'ombe huziogopa. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika saba. Lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, nao pia walikuwa ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 Nowicki akarudi na gari la aina hiyo hiyo, akashinda, na safari hii pia waliofika walikuwa saba tu. Ushindi mara nne katika miaka sita, na mara mbili kati ya hizo kwa mkono wa mkazi wa Dar es Salaam! Vijana wetu wanaweza kuwataja wachezaji wote wa timu za Uingereza pamoja na wa akiba. Ni wangapi wanaolijua hili?

Tusidhani kwamba sifa ilikuwa ya Mfaransa peke yake. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wa Kenya, walishinda kwa Volvo PV544. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili ambalo Wajapani walikuwa wamelianza miaka michache tu kabla yake. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalirudia jambo hilo kwa gari la namna ile ile. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1972, mashindano yalianzia hapa Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda, akiwa na Ford Escort. Mwaka 1975 ilikuwa zamu ya Peugeot 504 mikononi mwa Ove Andersson. Kufika hapo mashindano yalikuwa yamekwisha bakia Kenya peke yake.

Mwenye kuuliza gari la Kijapani lilipataje jina duniani, na la Kifaransa lilipataje heshima ya kutokufa, hana budi kujibiwa kwamba kwa sehemu kubwa jina na heshima hiyo vilitafutwa katika matope yetu. Viwanda viliyapeleka magazetini Ulaya na Asia matokeo ya Safari kama mwanafunzi apelekavyo cheti kwa mwajiri.

Ikaja baadaye miaka ya dhiki, na dhiki hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyofanya magari haya yawe ya kwetu kweli kweli. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, fedha za kigeni zikawa haba. Magari yaliagizwa kupitia State Motor Corporation, shirika la umma. Mtumishi aliyetaka kununua kwa mkopo aliiendea kampuni ya Karadha. Na Jumapili, kuanzia saa 8 mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kutembea bila kibali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na vipuri vilivyokuwa vikitoka Nairobi na Mombasa vikakatika. Gari lililonunuliwa kwa matumaini ya kutumika miaka saba likalazimika kutumika miaka ishirini.

Lilitumikaje? Kwa mikono ya mafundi. Pistoni ya gari moja ilipunguzwa kwenye mashine ya kukerezea ikaingia kwenye silinda ya jingine. Gasketi ilikatwa kwa mkasi. Springi za Land Rover zilikwenda kwenye Peugeot, na kabureta ya Peugeot ikaenda kusikotajika. Bodi iliyooza ilichanwa, ikashonwa upya kwa bati la pipa na moto wa gesi, kisha ikapigwa rangi iliyopatikana, ambayo aghalabu haikuwa ile iliyotafutwa. Mkusanyaji wa magari wa Ulaya angeitazama kazi hiyo akaiita uharibifu, kwa kuwa yeye hupenda kila skrubu iwe ile ile ya kiwandani. Tunamheshimu, lakini hapa hatukubaliani naye. Peugeot 404 iliyotembea Dar es Salaam mwaka 1982 ikiwa na viraka 40 inaeleza historia ya taifa hili kwa ukweli zaidi kuliko iliyofunikwa turubai katika banda la tajiri wa Lyon.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya biashara, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha tumika Japani yakamiminika bandarini. Hilo lilikuwa jema. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali kwa Corolla hana ugomvi nalo. Magari ya zamani yakasukumwa uani. Watoto wa wenye magari wakakua wakiyacheza kama pango. Ukaja uandikishaji mpya wa namba zinazoanza na herufi T, na gari lililolala uani na kibao chake cha TZ au cha zamani zaidi halikwenda kuandikishwa, kwa sababu hakuna anayelipia kisiki. Tangu siku hiyo, kwa upande wa karatasi, likawa halipo.

Kwenye mizani, hata hivyo, lipo. Biashara ya chuma chakavu imekua pamoja na viwanda vya kuyeyusha nondo, na mwenye kukaa Kimara kwa muda ameyasikia majibizano ya namna hii zaidi ya mara moja, kati ya kijana wa mkokoteni na mstaafu mwenye uwanja:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni sufuria bovu, mwulize mama huko ndani. Gari haliuzwi."

"Mzee wangu, hilo si gari tena. Hizo ni kilo tu."

Mzee hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili. Ada ya shule ya mjukuu inapokaribia hukubali, na shoka huingia kazini. Hatumlaumu mzee, wala hatumlaumu kijana, ambaye anatafuta riziki yake kwa jasho. Kila mmoja wao amefuata bei. Tunachouliza ni kwa nini bei ya pekee anayoweza kuipata mzee huyo katika nchi hii iwe bei ya nondo.

Maendeleo ya barabara nayo yameharakisha jambo hili. Mwaka 2017 nyumba na mabanda yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa kilometa 19.2 hadi Kibaha. Uchungu wa waliopoteza nyumba ni habari kubwa kuliko hii, na haifai kuichanganya na habari ya magari. Twataja tu kwamba gereji za kando ya barabara zilikuwa ndizo hospitali, na pia makaburi, ya magari tunayoyazungumzia. Na fundi anapopewa siku chache za kuhama huchukua vifaa vyake na gari la mteja anayelipa. Gari lililokaa juu ya matofali kwa miaka kumi halihamishwi na mtu.

Ipo mifano ya kuonyesha kwamba hatukosi kabisa moyo wa kuhifadhi. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limewekwa Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni gari la fahari, na lina funzo lake kwa mwenye kulitazama: kiti kile kile, mtawala mwingine. Lakini makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ni ya taifa zima, na yana fuvu la Zinjanthropus na historia ya Kilwa ya kuyatunza. Hatuwezi kuyatwika pia kila Volkswagen ya karani na kila Land Rover ya bwana shamba. Tena gari la Ikulu lilikuwa na uhakika wa kuokoka. Lililo hatarini ni lile la mwalimu mkuu.

Visiwani kuna hasara ya aina nyingine, na pengine ni kubwa zaidi. Wenyeji wa Unguja wenye umri wanayakumbuka magari ya abiria yenye bodi za mbao, yaliyoundwa na maseremala wa pale pale juu ya chasisi za malori ya Bedford: viti virefu vya mbao pande mbili, pembeni wazi ili upepo upite, na juu mzigo wa ndizi, mihogo na baiskeli. Kiwanda cha Uingereza kilileta injini, chasisi na magurudumu. Yote mengine yalikuwa kazi ya msumeno na randa za Zanzibar. Mji Mkongwe umekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na milango yake inahesabiwa mmoja mmoja. Je, bodi ya gari iliyofungwa vizuri na seremala wa Unguja si ndugu wa mlango huo? Mlango ulikaa mahali pamoja ukilindwa na baraza. Gari lilitembea kutwa katika hewa ya chumvi, likaoza mapema, na kwa hiyo likasahauliwa mapema.

Kuna na suala la bahari iliyo kati yetu. Kwa miaka mingi gari lililoandikishwa Zanzibar likivushwa kuja Bara lilidaiwa tofauti ya kodi, na jambo hilo likaorodheshwa miongoni mwa kero za Muungano. Waheshimiwa wa pande zote mbili wamelishughulikia kwa vikao vingi. Sisi twaongeza swali dogo tu katika mafaili yao: Morris iliyoletwa Unguja kabla ya Mapinduzi, ikirithiwa na mjukuu anayeishi Kimara, itakadiriwa kuwa bidhaa au itahesabiwa kuwa mali ya ukoo?

Wenzetu wa nje wamekwisha lijibu swali la namna hii. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, limeweka kipimo kisichohitaji maprofesa: gari lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na ambalo halitumiki kama chombo cha kwendea kazini kila siku. Ujerumani hulipa gari la miaka 30 kibao cha namba chenye herufi H, na kodi yake huwa ya namna ya pekee. Uingereza huliondolea kodi ya barabara gari la miaka 40. Majirani zetu wa Nairobi wana maonyesho ya magari, Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa na wapenzi wa Alfa Romeo, ambapo majaji hupitisha vidole chini ya boneti wakitafuta vumbi. Na tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya East African Safari Classic, ambayo kwayo watu husafirisha Porsche 911 na Datsun za zamani kutoka Ulaya, kwa gharama kubwa, waje kuzikimbiza katika vumbi la Kenya, na mara nyingine la Tanzania. Wageni wanalipa kuja kufanya walichokuwa wakikifanya wazee wetu kwa lazima.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Mwaka 2022 kampuni ya Mercedes-Benz iliuza gari moja la mwaka 1955, aina ya 300 SLR, kwa euro milioni 135, bei ambayo hapana gari jingine lililokuwa limewahi kuifikia. Ferrari 250 GTO, ambayo ilitengenezwa magari 36 tu, iliuzwa moja mwaka 2018 kwa dola zaidi ya milioni 48. Hakuna hazina ya jinsi hiyo iliyofichwa chini ya mwembe wa Kimara, na atakayewaambia wananchi vinginevyo ni tapeli. Peugeot 404 haina bei ya Ferrari hata kule Ufaransa. Lakini kati ya milioni 48 za dola na bei ya nondo kuna nafasi pana, na ndani ya nafasi hiyo mstaafu angeweza kulipwa haki yake, fundi akapata kazi ya miezi sita, na kijana wa chuo cha ufundi akafundishwa kukereza kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Wapo watakaosema kwamba gari la kale ni anasa, na nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 haina haja ya kuwabembeleza wabenzi. Hoja hiyo tunaiheshimu. Neno hilo "wabenzi" lilizaliwa katika nchi zetu hizi, na halikuzaliwa bure. Hata hivyo, tazameni ni nani aliye na gari la kale Kimara. Tajiri ana gari la mwaka jana. Lenye miaka 50 liko kwa karani mstaafu, kwa mjane wa mwalimu, kwa fundi ambaye mteja wake hakurudi. Anayelipa ghali kwa utaratibu wa sasa ni huyo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kwa miaka mingi sasa gari dogo lililozidi umri wa miaka minane tangu kuundwa kwake hutozwa, likiingia nchini, ushuru wa ziada wa uchakavu. Nia ni njema: kuzuia nchi isiwe jalala la magari mabovu ya wengine. Lakini kipimo kinachomhesabia umri mwenye Corolla ya miaka 12 humhesabia vivyo hivyo mwenye Peugeot ya mwaka 1966, hata kama gari hilo lilitoka Dar es Salaam na sasa mtoto wa mwenyewe anataka kulirudisha nyumbani. Wakati huohuo, kulitoa nchini ni rahisi, kwa kuwa sheria inayoulinda mlango hailijui gari. Mwelekeo wa mkondo huo uko wazi: linaloondoka halizuiwi, linalorudi linaadhibiwa, na linalobaki linakatwa kwa shoka.

Twaiomba Serikali mambo yasiyohitaji fungu kubwa. Sheria ya mwaka 1964 inampa Waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza vitu vya kulindwa. Itumike kwa magari machache yaliyochaguliwa kwa makini, hasa yenye historia ya Safari, ya harakati za uhuru, na bodi za mbao za Visiwani kwa kushirikiana na Serikali ya Mapinduzi. Mamlaka ya Mapato ifungue daraja la gari lenye miaka 30 na zaidi, lenye ada ndogo na masharti makali ya matumizi, ili mstaafu aweze kuliandikisha upya bila kuuza kitanda. Na watendaji wa mitaa, kuanzia Kimara Baruti hadi Temboni, wapewe daftari la kuorodhesha yaliyopo: aina, mwaka, namba ya chasisi, jina la mwenye nalo, na kama injini imo. Kazi hiyo yaweza kufanywa na vijana wawili na baiskeli kwa wiki mbili za kiangazi, kabla ya mvua za masika na kabla ya mkokoteni kupita tena.